Betri ya Kukopeshana

Droo ya chini ya kabati letu ina vitu ambavyo mume wangu anaviita takataka na mimi naviita akiba. Kuna chaja nne za Nokia, za pini nyembamba. Kuna kobe, ile chaja ya kubana betri kwa meno mawili ya chuma. Taa yake imekufa lakini bado inachaji. Kuna tepu ya mita tano iliyokatika ncha, kwa hiyo kipimo kinaanzia sentimita kumi na kila nikiitumia sharti nikumbuke kutoa. Na kuna betri sita za simu, zote za aina moja, BL-5C, bapa, ukubwa wa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Watu wakikaa kuzungumzia vifaa wanavyovipenda, mmoja hutaja kamera, mwingine spika. Mimi hutaja hiyo betri, na mazungumzo huwa yanakatika kidogo.

Nianzie nyumbani. Baba alikuwa na redio ya National, ile yenye kava la ngozi lenye matundu mbele ya spika, iliyomeza betri kubwa nne. Kuiwasha ilikuwa mamlaka yake peke yake. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, matangazo ya vifo, basi. Muziki ulikuwa anasa ya sikukuu. Sauti ikianza kufifia, betri zilitolewa na kuanikwa juani juu ya bati, na kazi ya kuzilinda ilikuwa yangu, kwa sababu mdogo wangu aliwahi kuzitumia mbili kama magurudumu ya gari la udongo. Jioni zilirudi redioni na redio ikaongea. Zikichoka mara ya pili, tulizing'ata au kuzigonga kwa jiwe ubavuni, zikasogea siku mbili tatu mbele. Nilipofika sekondari nikaelewa tulichokuwa tunafanya. Joto la jua liliichangamsha kemikali iliyosalia. Hatukuongeza kitu, tulikuwa tunakamua.

Betri zenyewe hazikutoka mbali. Kampuni ya Matsushita ya Japani, wenye chapa za National na Panasonic, walikuwa na kiwanda chao Dar es Salaam. Jina hilo la Matsushita lishike, nitalirudia.

Mwaka 2008 niliajiriwa kuwa afisa ugani, nikapangiwa kata moja katika bonde la Kilombero. Afisa ugani ni jina la kwenye barua ya ajira. Kijijini mimi ni bibi shamba, na mwenzangu wa kata ya pili alikuwa bwana shamba, ingawa shamba lake mwenyewe lilikuwa limejaa magugu hadi linatia aibu. Kabla sijapanda treni ya TAZARA, kaka yangu aliniletea simu aliyoinunua Kariakoo, imeshatumika, ganda la mbele limebadilishwa: Nokia 1100.

Simu hiyo ilitoka mwaka 2003 na zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Mimi nilikuja kuielewa taratibu, kwa mikono. Vitufe vyake vilikuwa karatasi moja ya mpira, hakuna mwanya wa vumbi kuingilia. Ubavuni ilikuwa na mpira wenye mikwaruzo ili isiteleze kwenye kiganja chenye jasho, na mtu aliyesimama katika jaruba la mpunga saa saba mchana anajua jasho ni nini. Kichwani ilikuwa na taa. Unabonyeza kitufe cha C na kukishikilia, inawaka. Wakenya waliiita mulika mwizi. Sisi tuliiita kitochi, na hadi leo kila simu ndogo ya vitufe ni kitochi hata kama haina tochi.

Kwa taa ile nimevuka mifereji, nimesoma daftari la wanakikundi wasiotaka kuahirisha mkutano, na usiku mmoja nimeona nyoka akiwa hatua mbili mbele yangu. Kwa simu ileile nilikuwa natuma pesa kwa mama, maana M-Pesa nayo ilianza Tanzania mwaka huohuo wa 2008, na kitochi kinaifanya kazi hiyo bila intaneti yoyote.

Umeme kata yangu haukuwepo. Kulikuwa na duka moja lenye sola juu ya paa, na muuzaji alichaji simu kwa shilingi mia mbili. Wajanja hatukuacha simu pale. Tuliacha betri peke yake, ikabanwa kwenye kobe, simu ikabaki mfukoni. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo Kariakoo hakuna aliyeniambia: meza nzima ya yule muuzaji ilikuwa na betri zilezile. Nokia 1100 ya bibi shamba na N70 ya mwanasiasa aliyepita kuomba kura zilikula betri moja. Nokia 1600 vilevile, 6230 vilevile. Kisha Wachina wakaona mbali: kama kila kijiji kina betri hizi, kwa nini redio isizitumie? Zikaja redio ndogo za plastiki zenye mlango wa memori kadi na wa flashi, na mgongoni kashimo ka BL-5C. Zikaja tochi. Zikaja simu za laini mbili zenye spika ya kelele kama ya mnada, nazo ndani yake betri ileile.

Kwa kuwa zilifanana, kila mtu aliweka alama yake. Kuna waliochora kwa msumari, kuna waliofunga uzi, mama mmoja aliweka tone la nta ya mshumaa. Mimi nilipaka rangi ya kucha, nyekundu, ukingoni. Yule muuzaji wa duka alizijua alama zote kama mchungaji anavyojua ng'ombe.

Sasa kisa chenyewe.

Ilikuwa Mei, mpunga umeinamisha vichwa, na kwelea kwelea wameshafika. Ndege hawa wakishuka kwa kundi shamba linapiga kelele kama mvua, na kama hujasimama na kombeo au debe la kugonga, jioni utahesabu masuke matupu. Nilikuwa nazunguka kukadiria hasara. Nikafika kwa mzee mmoja aliyejenga dungu refu katikati ya shamba lake, na juu ya dungu kulikuwa na redio, na redioni kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga. Nikapanda. Nilisema ni kwa ajili ya kuona shamba vizuri kutokea juu.

Ilipofika mapumziko redio ikaanza kukoroma. Mtangazaji akawa anaongea kama mtu aliye chini ya maji, halafu kimya. Mzee akaipiga kofi, akaipiga tena, akaitoa betri na kuipulizia. Kisha akanitazama.

"Bibi shamba, simu yako inakula betri gani?"

"Ya Nokia, babu."

"Nokia ipi? Ile nene au hii bapa?"

"Hiyo hiyo bapa."

Akanyoosha mkono. "Nikopeshe. Dakika arobaini na tano tu, Mungu anaona."

Mimi ni Simba. Yeye alikuwa Yanga, kofia yake ilisema hivyo kabla hajafungua kinywa. Nikafungua mgongo wa simu, nikatoa betri, nikampa. Yeye akanipa yake nishike, kama watu wanaoshikiana watoto. Redio ikafufuka, tukasikiliza kipindi cha pili huku tukibadilishana kugonga debe. Matokeo siyataji.

Mkuu wangu wa kazi alinipigia mara sita jioni ile. Alitaka takwimu za hasara, zilezile nilizokuwa nimezifuata. Nilipowasha simu usiku zikashuka meseji sita za kunijulisha kuwa nilitafutwa, na kesho yake nilieleza kwamba nilikosa chaji, jambo ambalo halikuwa uongo ukilisema haraka.

Lakini asubuhi hiyo niliona kitu kingine. Betri iliyokuwa ndani ya simu yangu haikuwa na rangi ya kucha. Ilikuwa na msalaba uliokwaruzwa kwa msumari. Tulikuwa tumerudishiana gizani, nikapokea nilichopewa. Nikakasirika kiasi, maana yangu ilikuwa mpya, ina miezi miwili. Wiki mbili baadaye nikapita tena shambani kwake, ndege wameondoka, yuko chini ya dungu anafuma jamvi.

"Babu, siku ile tulibadilishana vibaya."

"Wewe ndiye uliyebadilishana vibaya," akasema bila kuinua macho. "Mimi nilibadilishana vizuri."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaenda ndani, nikadhani ameifuata betri, akarudi na kikapu cha maembe. Nikachukua maembe.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi kuliko kinavyostahili. Kabla ya viberiti kuwa vitu vya kawaida, watu walikuwa wanaazimana kijinga cha moto: unaona moshi kwa jirani, unatuma mtoto, anarudi anakimbia na kijinga kinafuka. Hakuna aliyeona ajabu. Betri ile ilikuwa kijinga chetu. Redio ya mzee na simu yangu hazikutengenezwa na kampuni moja wala nchi moja, hazikuwa na kazi moja, lakini moyo wa moja uliweza kukaa kwenye nyingine kwa dakika arobaini na tano. Nikiambiwa kifaa fulani ni kizuri, siku hizi nauliza: jirani yangu akikwama, naweza kumkopesha nini kutoka ndani yake?

Simu niliyonayo leo ni simu janja, na siidharau hata kidogo. Mkulima aliye kilomita thelathini anapiga picha jani la mpunga lenye michirizi ya manjano, ananitumia kwa WhatsApp, na kabla sijamaliza chai ninaweza kumwambia kama inaelekea kuwa kimyanga, ule ugonjwa wa virusi wa mpunga, au ni njaa ya mbolea tu. Zamani jani hilo lingekuja kwa treni, limekauka, halisomeki. Tangu ruzuku ya mbolea irudi mwaka 2022, kuandikisha wakulima kunafanyika kwa mfumo wa kidijitali, na kitochi hapo hakiwezi. Lakini betri yake imegundishwa ndani. Ilipochoka baada ya miaka miwili na kidogo, ikawa inazimika ikiwa bado na asilimia thelathini, nilikwenda kwa fundi mjini. Aliichoma simu kwa hewa ya moto hadi gundi ikalainika, akapenyeza kadi ya plastiki pembeni akizunguka nayo polepole, jasho linamtoka yeye na mimi. Kioo kikapasuka. Akaniambia hilo hutokea. Nikalipia betri, nikalipia kioo, na kwa fedha ile ningeweza kununua betri za Nokia za kata nzima.

Nilifurahi kusoma kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa mwenyewe. Kanuni hiyo ina milango yake ya kutokea, na simu zimepata mmoja wao ikiwa betri zake zimethibitika kudumu. Hata hivyo nilicheka peke yangu. Wataalamu wamekaa Brussels miaka kadhaa wakitafuta njia ya kurudi kwenye meza ya yule muuzaji wetu wa sola.

Nisiipambe sana betri yenyewe, ina dhambi zake. Agosti 2007, mwaka mmoja kabla sijapewa simu yangu, Nokia walitangaza kwamba BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji, na wenye nazo wabadilishiwe bure. Mtengenezaji wa zile zenye hitilafu alikuwa Matsushita. Walewale wa redio ya baba. Habari hiyo niliisoma miaka mingi baadaye, nikakimbilia droo na kuzigeuza betri zangu moja moja nikisoma migongo yake. Hofu ilikuwa bure, ila niligundua kwamba moja imeandikwa "Nokla".

Za bandia ndizo balaa. BL-5C halali ya miaka ya baadaye huandikwa mAh 1020, kipimo cha chaji inayobeba. Sokoni utakuta inayojinadi kuwa ina 3000, nyepesi kama ganda la kiberiti, na bei yake ni ya karanga. Namba ikiwa kubwa kuliko simu yenyewe, iache. Kuna na kuvimba: betri ya lithiamu ikizeeka au ikichajiwa vibaya hutoa gesi ndani, tumbo linajaa. Fundi mmoja wa Ifakara alinifundisha kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote. Ilaze betri mezani, izungushe kwa kidole. Iliyo nzima hukwaruza na kusimama palepale, kwa kuwa imelala bapa. Iliyovimba huzunguka kama pia. Ikizunguka, usiichaji tena, itenge mbali na vitu vinavyoungua. Na ile "iliyokufa" si lazima iwe maiti. Ikikaa miezi bila chaji, saketi ndogo ya ulinzi iliyomo ndani hujifunga, na chaja haiitambui. Mafundi huibusti, yaani huipa umeme wa moja kwa moja kwa sekunde chache hadi iamke. Usijaribu kwako. Mimi nimeona shati la fundi likiungua.

Usiku wa Juni 16 mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, nilikuwa na simu moja ya laini tatu, nimeinunua kwa ajili ya spika yake. Nilishabonyeza *#06# mapema nikaona namba yake ya utambulisho, IMEI, ni ya kubuni, nikajua siku zake zimehesabika. Asubuhi ilikuwa imegeuka saa ya mezani yenye tochi. Nikaitoa betri, nikaiweka kwenye redio ya jikoni, mtangazaji akaendelea kusoma habari za simu zilizozimwa. Kitochi changu kilikuwa kimya mfukoni, hakuna aliyekigusa.

Nina kingine cha kusifu, nacho hakina betri kabisa: kamba. Kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980 kwa padri Mfaransa Henri de Laulanié, kinataka miche michanga, mmoja mmoja kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 25. Unaweza kumweleza mkulima hayo kwa saa mbili kwenye ubao. Au unaweza kumpa kamba yenye alama, watu wawili wakaivuta kwenye matope, wa tatu akapanda. Kamba yangu ya kwanza ilikuwa ya katani, na ilinidhalilisha mbele ya kikundi: ikilowa inajikunja, sentimita 25 zinakuwa 23, na mistari ikatoka kama imepandwa na mlevi. Nikahamia nailoni. Alama zake ni rangi ya kucha, ileile nyekundu. Chupa moja hutosha msimu.

Na saa. Navaa Casio F-91W, mtindo uliotoka mwaka 1989 na haujabadilika, gramu 21, betri yake kijisarafu kinachodumu karibu miaka saba. Wanafunzi wa kike huniambia ni ya kiume. Inaandika 7:00 nami nasema saa moja, kama sote. Baba yangu hakukubali usumbufu huo. Saa yake ya mshale aliitegesha Kiswahili, saa moja ya asubuhi mshale ukiwa kwenye moja, na mgeni aliyeichungulia kuwahi basi alikoma. Nimewahi kujaribu hivyo kwenye Casio yangu. Siku ya pili nikachelewa kikao cha halmashauri kwa saa sita nzima, au niliwahi kwa saa sita, hadi leo hatujakubaliana.

Yule mzee wa dungu alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda msibani. Redio ilikuwa kibarazani, imefunikwa kitambaa kama inavyotakiwa, na mwanawe akanionyesha mgongo wake kwa sababu alishasikia hadithi. Betri yenye rangi ya kucha ilikuwa bado imo. Imevimba hadi kifuniko hakifungi, wameibana kwa mpira wa manati. Nikamwambia aitoe, ni hatari. Akasema baba alikataa isiguswe.

Ya msalaba ninayo mimi. Jumapili iliyopita nilipanga droo, nikaitoa na kuilaza juu ya meza ya kulia, mume wangu anatazama. Nikaisukuma kwa kidole. Ikakwaruza kitambaa, ikasimama.